Mgonjwa ametapika damu: nani aende nyumbani, nani alazwe, nani apewe rufaa

Mgonjwa akiletwa mapokezi kwa kutapika damu au kupata choo cheusi, kuna maswali mawili ambayo kwenye zamu yenye kelele huchanganywa. La kwanza: je, yuko hatarini sasa hivi? La pili: je, akiruhusiwa aondoke, atakuja kuhitaji damu, kamera ya tumbo au upasuaji, au atafia nyumbani? La kwanza hujibiwa kwa vidole juu ya mshipa na mashine ya presha. La pili hujibiwa kwa alama, na alama inayofaa zaidi kwa kazi hiyo ni ya Glasgow-Blatchford, iliyotoka Uskoti mwaka 2000. Kazi yake ni kumtambua mgonjwa asiyehitaji kulazwa. Haisemi damu inatoka wapi. Ndiyo maana ukiwa Mwanza, Ukerewe, Homa Bay au popote penye kichocho cha tumbo, usitie sahihi ya kumruhusu mtu kabla hujagusa wengu wake.

Mwongozo huu ni wa matabibu, madaktari na wauguzi wa vituo vya afya na hospitali za wilaya, ambako kamera ya tumbo haipo au ipo mbali.

1. Mkono kwanza, hesabu baadaye

Anayeendelea kutapika mlaze kwa ubavu wa kushoto, mashine ya kufyonza iwe karibu na iwe imejaribiwa. Asile wala asinywe. Weka kanyula mbili kubwa, ya kijivu (geji 16) kila mkono. Ya kijani (geji 18) inakubalika mishipa ikigoma. Ya pinki, ambayo mara nyingi ndiyo iliyobaki stoo, hupitisha maji polepole mno kwa mtu anayevuja damu. Kwa sindano hiyohiyo ya kwanza, kabla dripu haijaanza, toa damu ya vipimo vyote: picha kamili ya damu, yurea na kreatinini, INR (kipimo cha damu kuganda), vipimo vya ini, na chupa ya kundi la damu pamoja na kuoanisha na ya benki. Ukichelewa hadi dripu ya pili, vipimo vitakuwa vya damu iliyochanganyika na maji.

Hesabu mapigo kwa dakika nzima, kisha yagawe kwa namba ya juu ya presha. Jibu likizidi 1, yaani mapigo yamepita presha, amepoteza damu nyingi hata kama anaongea vizuri. Tazama pia viganja vya baridi, kucha zinazochelewa kurudisha rangi zaidi ya sekunde 2, na mkojo. Akiwa na presha nzuri kitandani, mkalishe kisha umsimamishe akiwa ameshikwa: mapigo yakipanda kwa 30 au zaidi, au presha ya juu (namba ya juu ya presha) ikishuka kwa 20, damu imepungua. Mwenye presha chini ya 100 usimsimamishe. Huhitaji ushahidi zaidi.

Aliye katika mshtuko mpe mililita 500 za dripu ya chumvi ya asilimia 0.9 au ringa laktati kwa dakika 15, pima tena, rudia ikibidi. Lengo ni presha ya juu ya 90 hadi 100, mgonjwa ajitambue na apate mkojo. Ukiipandisha hadi 130 unaongeza msukumo mahali palipopasuka, hasa kama ni mishipa ya umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni). Na mgonjwa wa namna hii hahitaji alama yoyote kuitwa wa hatari kubwa. Anza rufaa, karatasi ijazwe na mtu mwingine.

2. Hakikisha ni damu ya tumbo

Makosa mengi huanzia hapa. Damu ya kifua kikuu hutoka kwa kikohozi, ni nyekundu, ina povu. Damu ya tumboni hutanguliwa na kichefuchefu, huchanganyika na chakula, au huwa kahawia kama machicha ya kahawa. Uliza kwa lugha ya mgonjwa: "Mama, ilianza kwa kukohoa au kwa kusikia kutapika?" Mulika pua na nyuma ya koo, kwa sababu aliyetokwa damu puani usiku huimeza na kuitapika asubuhi.

Kuhusu choo, "cheusi" peke yake haitoshi. Wajawazito wengi wanameza vidonge vya kuongeza damu, na madini ya chuma hutia choo weusi unaoelekea kijani, kigumu kiasi, kisicho na harufu ya ajabu. Choo cha damu ni kama lami: kinang'aa, kinanata, na harufu yake ukishaikuta mara moja hutaisahau. Usitegemee maelezo. Vaa glavu, pima kwa kidole, kisha pangusa kidole kwenye gozi nyeupe na uilete kwenye mwanga. Hatua hii hurukwa kwa aibu, na inaweza kubadilisha uamuzi wote. Kumbuka pia kwamba damu nyekundu kwa haja kubwa kwa mtu aliye katika mshtuko inaweza kuwa ya juu, imeshuka kwa kasi bila kupata muda wa kuwa nyeusi.

Ukiuliza "unatumia dawa gani?" utajibiwa "situmii." Uliza hivi: "Mzee, magoti yakiuma huwa unanunua nini dukani?" Hapo ndipo diklofenaki, ibuprofeni na aspirini hujitokeza, wakati mwingine mbili kwa pamoja. Ongeza warfarini, deksamethasoni na prednisoloni, gongo au chang'aa, na propranololi. Hii ya mwisho hupunguza mapigo, kwa hiyo mgonjwa anaweza kuwa na mapigo 82 huku anaishiwa damu.

3. Tafuta wengu na ini

Wengu mkubwa wa kichocho unaweza kufika kitovuni na kuvuka. Ukianza kupapasa chini ya mbavu za kushoto, vidole vyako viko juu ya wengu tayari, na kwa kuwa huhisi ukingo utaandika "tumbo laini." Anza chini kulia, karibu na nyonga, panda polepole kuelekea mbavu za kushoto, ukisubiri mgonjwa avute pumzi kila unaposogeza mkono. Kisha tafuta macho ya manjano, maji tumboni, miguu iliyovimba, na viganja vinavyopepea mgonjwa anaponyoosha mikono mbele.

Mayai ya kichocho cha tumbo husombwa na damu hadi kwenye matawi ya mshipa mkuu unaoingia kwenye ini, na kuacha makovu kuyazunguka. Damu inakosa njia, wengu unavimba, mishipa ya umio inatanuka hadi kupasuka. Chembe za ini zenyewe, tofauti na kwa mtu aliyeharibiwa na pombe au homa ya ini aina B, huendelea na kazi karibu kama kawaida. Kwa hiyo unakutana na mvuvi wa miaka 30, macho meupe, albumini (protini inayotengenezwa na ini) nzuri, INR nzuri, anayetapika bakuli la damu. Alama nyingi za kimataifa zitamwona kijana mwenye afya.

4. Soma majibu ya maabara pamoja na vipimo vyake

Glasgow-Blatchford hutumia yurea kwa milimoli kwa lita. Baadhi ya mashine hutoa miligramu kwa desilita, na hata hapo kuna aina mbili. Kama karatasi inasema BUN (naitrojeni ya yurea), gawa kwa 2.8, kama inasema yurea kamili, gawa kwa 6. Mfano: BUN 28 ni milimoli 10, lakini yurea 28 kwa miligramu ni 4.7 tu. Ukikosea mgawanyo unaweza kumpa alama 4 mtu anayestahili sifuri, au kinyume chake, ambacho ni kibaya zaidi. Hb (himoglobini, kipimo cha wingi wa damu) nayo ikiandikwa 98, hiyo ni gramu kwa lita, yaani 9.8.

Yurea hupanda kwa sababu damu iliyoingia kwenye utumbo humeng'enywa kama protini, na kwa sababu figo zimepungukiwa damu. Kreatinini ikiwa juu sana pia, huenda figo ndizo mbovu tangu mwanzo; andika hivyo pembeni, lakini alama mpe.

5. Jumlisha Glasgow-Blatchford

Yurea: 6.5 hadi 7.9 alama 2, 8.0 hadi 9.9 alama 3, 10.0 hadi 24.9 alama 4. 25 na zaidi alama 6.

Hb ya mwanaume: 12.0 hadi 12.9 alama 1; 10.0 hadi 11.9 alama 3. Chini ya 10 alama 6.

Hb ya mwanamke: 10.0 hadi 11.9 alama 1. Chini ya 10 alama 6.

Presha ya juu: 100 hadi 109 alama 1, 90 hadi 99 alama 2, chini ya 90 alama 3.

Mapigo 100 na zaidi: 1. Choo cheusi cha damu: 1. Kuzirai: 2. Ugonjwa wa ini: 2. Moyo kushindwa kazi: 2.

Jumla ya juu kabisa ni 23. Tumia presha na mapigo ya alipofika, si ya baada ya dripu mbili.

Chukulia mwanamke wa miaka 28, alimeza diklofenaki siku tatu kwa ajili ya jino, ametapika mara moja kitu kama machicha ya kahawa. Mapigo 84, presha 118/74, Hb 12.4, yurea 4.1, kidole kimetoka na choo cha kawaida, wengu haugusiki. Jumla ni 0. Huyu ni wa nyumbani.

Sasa chukulia mvuvi wa miaka 34 kutoka kisiwani, ametapika damu mara mbili, choo kama lami. Mapigo 112, presha 104/60, Hb 9.8, yurea 7.2, hakuzirai. Yurea 2, Hb 6, presha 1, mapigo 1, choo 1: jumla 11. Wengu wake umevuka kitovu. Makovu ya kichocho kwenye ini yahesabu kama ugonjwa wa ini, hata kama hana manjano, na jumla inakuwa 13. Mapigo yake tayari yameipita presha. Gari liandaliwe.

Kama yurea haipimwi kwenu, jumlisha vilivyobaki na uichukulie jumla hiyo kuwa kiwango cha chini. Ikishafika 2, uamuzi wa kumlaza umepatikana bila yurea. Ikiwa 0 au 1, huwezi kusema ni salama, maana yurea peke yake ina hadi alama 6. Mbakize uangalizini, sampuli ipelekwe inakopimwa.

Mambo yanayoipotosha jumla

Hb ya saa ya kwanza hudanganya. Mtu akimwaga damu, anapoteza seli na maji kwa pamoja, hivyo uwiano unabaki uleule hadi mwili uvute maji kuziba pengo. Hb 13 kwa aliyetapika damu nusu saa iliyopita haina maana kubwa. Irudie baada ya saa 4 hadi 6.

Upande wa pili, mtoto wa shule mwenye minyoo ya safura, mjamzito au mgonjwa wa selimundu anaweza kuwa na Hb 8 mwaka mzima. Atapata alama 6 hata kama ametapika kijiko kimoja. Ni afadhali alazwe bure kuliko kinyume chake, lakini kwenye karatasi ya rufaa andika Hb yake ya zamani ukiipata kwenye kadi ya kliniki. Na alama hizi zilitengenezwa kwa watu wazima. Kwa mtoto mdogo mapigo 100 ni ya kawaida, hivyo usizitumie.

6. Alama nyingine zina kazi yake

AIMS65 hutabiri kifo zaidi kuliko mahitaji ya tiba. Ina vipengele vitano, kila kimoja alama 1: albumini chini ya gramu 30 kwa lita, INR zaidi ya 1.5, kuchanganyikiwa au kupungukiwa fahamu, presha ya juu 90 au chini, umri wa miaka 65 na kuendelea. Mbili au zaidi ni hatari kubwa. Inafaa kwa mzee au mgonjwa wa ini lililosinyaa. Ukimpima nayo mvuvi wetu anapata 0, na yeyote atakayeisoma bila kumwona atamwacha benchi. Usiitumie kumruhusu mtu.

Rockall ya kabla ya kamera huangalia umri (miaka 60 hadi 79 alama 1, 80 na zaidi alama 2), mshtuko (mapigo 100 na zaidi alama 1, presha chini ya 100 alama 2), na magonjwa mengine (moyo na makubwa ya namna hiyo 2, figo au ini kushindwa, au saratani iliyosambaa, 3). Haihitaji maabara, na hicho ndicho kinachoifanya ipendwe vituoni. Tatizo ni lilelile: mvuvi anapata 1.

7. Amua

Jumla ya 0 au 1, wengu haugusiki, hana dalili za ini, hatumii dawa ya kuzuia damu kuganda, ana mtu nyumbani na usafiri wa kurudi usiku: aende. Kimoja kati ya hivyo kikikosekana, alale hata kama jumla ni sifuri. Tunakazia la usafiri kwa makusudi. Alama ilizaliwa mahali ambapo gari la wagonjwa huitwa kwa simu. Anayeishi kisiwani ambako boti ya mwisho huondoka alasiri ni mgonjwa tofauti.

Jumla ya 2 hadi 6: mlaze, mapigo na presha kila saa, rudia Hb, panga kamera ndani ya saa 24 kama ipo. Akitapika tena damu au mapigo yakipanda, hesabu upya.

Jumla ya 7 na kuendelea, au dalili yoyote ya mishipa ya umio: mahitaji ya tiba kwa kamera ni makubwa. Mtulize kisha mpeleke inakofanyika. Kwa Kanda ya Ziwa kwa kawaida ni Hospitali ya Bugando, Mwanza. Jumla ya 12 na zaidi huwatia watu haraka ya kukimbia barabarani usiku na mgonjwa ambaye presha haijakaa. Utafiti wa Hong Kong uliochapishwa mwaka 2020 uliwachukua wagonjwa wa 12 na zaidi: waliofanyiwa kamera ndani ya saa 6 hawakuwazidi kwa uhai waliofanyiwa kati ya saa 6 na 24. Saa moja ya kumpa maji na damu kabla ya safari haipotei bure. Kwa mishipa ya umio lengo ni kamera ndani ya saa 12.

8. Tiba inayofuata kiwango cha hatari

Damu: ongeza Hb ikishuka chini ya 7, lenga 7 hadi 9. Mwenye ugonjwa wa moyo anzia 8. Utafiti wa Barcelona wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba walioongezewa wakiwa chini ya 7 walipona zaidi kuliko walioongezewa wakiwa chini ya 9: asilimia 95 dhidi ya 91 walikuwa hai baada ya wiki 6. Lakini anayetoka damu mfululizo mbele yako usimsubiri afike 7. Ndugu waanze kuchangia mapema, wakati huohuo, kwa sababu kuoanisha damu huchukua muda.

Kwa anayedhaniwa kuwa na kidonda: omeprazoli miligramu 80 kwenye mshipa, kisha miligramu 40 kila saa 12. Isipopatikana ya mshipa na anameza, vidonge vya miligramu 40 mara mbili kwa siku ni bora kuliko kukaa bure, ila havichukui nafasi ya rufaa.

Kwa anayedhaniwa kuwa na mishipa ya umio: okitreotidi mikrogramu 50 kwa mara moja kisha mikrogramu 50 kila saa kwa dripu, au terlipresini miligramu 2 kila saa 4. Mwenye ini lililosinyaa mpe pia seftriaksoni gramu 1 kila siku, maana maambukizi humfuata anayevuja damu. Propranololi huanza damu ikishakatika na presha ikishatulia, kamwe si katikati ya mshtuko.

Asidi ya traneksamiki bado inachomwa karibu kila mahali kwa mazoea ya wodi ya wazazi, ambako kweli inasaidia. Kwa damu ya tumbo, jaribio kubwa la HALT-IT la mwaka 2020, lenye wagonjwa wapatao 12,000 katika nchi 15, halikuona vifo kupungua, na liliona damu kuganda kwenye mishipa na degedege vikiongezeka. Iacheni.

Mpira wa puani unaofika tumboni hauhitajiki ili kupima hatari. Ukivuta maji meupe haimaanishi damu imekatika.

9. Karatasi ya rufaa na safari

Andika saa aliyotapika mara ya mwisho na kiasi kwa kipimo kinachoeleweka (kikombe, bakuli, beseni), mapigo na presha za alipofika na za kuondoka, jumla ya alama pamoja na kila kipengele chake, wengu unafika wapi kwa sentimita chini ya mbavu, dawa zote na saa zilipotolewa, Hb ya kwanza na ya pili, kundi la damu. Piga simu kabla ya gari kuondoka. Kamera inaweza kuwa imeharibika, na ni vizuri ujue ukiwa bado kwako. Kanyula zote mbili zifungwe vizuri na plasta, muuguzi aende naye, alale ubavu wa kushoto. Aliyepungukiwa fahamu huku anatapika njia yake ya hewa ilindwe kwanza; damu ikiingia mapafuni humuua kabla ya kilomita chache.

10. Kamera ikishafanyika

Omba ripoti itaje hali ya kidonda kwa mpangilio wa Forrest. Ia ni damu inayoruka, Ib inayochuruzika, IIa mshipa unaoonekana: hawa hutibiwa palepale na hukaa wodini saa 72, kwa kuwa hapo ndipo wengi wanaorudia hurudia. IIb ni bonge la damu lililong'ang'ania, uamuzi ni wa mwenye kamera. IIc ni doa bapa na III ni kidonda safi. Hao wanaweza kula na kutoka mapema. Mgonjwa wa kichocho atafungwa mishipa kwa raba, arudi kufungwa tena hadi iishe, na apewe prazikuanteli miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Dawa hiyo huua minyoo, makovu yaliyokwisha kujengeka hubaki, hivyo kliniki na propranololi visikatishwe kwa kuwa "ameshameza za kichocho."

Yule wa jumla ya 0 aliyekwenda nyumbani anaondoka na omeprazoli miligramu 20 kila siku kwa wiki 4, parasetamoli badala ya diklofenaki, na tarehe ya kupima bakteria wa vidonda vya tumbo, *Helicobacter pylori*. Kipimo cha choo au cha pumzi hutoa jibu la uongo akiwa kwenye omeprazoli, kwa hiyo kifanyike kabla hajaanza, au wiki 2 baada ya kumaliza. Mwambie yeye na aliyemsindikiza, kwa maneno haya: choo kikiwa kama lami, ukitapika damu tena, ukisikia kizunguzungu ukisimama, rudi saa hiyohiyo, usingoje asubuhi.